Kabla ya kununua dampa, kagua shingo ya supabaiki yako

UKIPITA kituo chochote kikubwa cha mafuta kando ya Thika Road Jumapili asubuhi, utawakuta hapo. Mabarobaro wa jaketi za ngozi, helmeti mkononi, supabaiki zimepangwa foleni kama za maonyesho. Wanangoja wenzao watimie ndipo waelekee Naivasha, Sagana au Nanyuki. Gumzo huwa la mambo mawili tu: nani alifika wapi kwa dakika ngapi, na nani amefunga kitu gani kipya kwenye mashine yake.

Siku hizi kitu kinachowakusanya watu kukitazama ni dampa ya usukani. Kwa asiyekijua, ni kifaa kidogo kinachofanana na pampu ya baiskeli ya mtoto. Ncha moja hufungwa kwenye fremu ya pikipiki, nyingine kwenye foku au karibu na usukani. Za bei ghali hupakwa rangi ya dhahabu, na hata asiyejua kazi yake atakuuliza uliitoa wapi.

Sina ubaya na dampa. Ni kifaa kizuri na kimewaokoa wengi. Shida yangu ni jinsi tunavyoinunua. Tunaanza na kifaa kilichofaa kununuliwa mwisho, na nimeona kwa macho yangu matokeo yake.

Sahibu yangu mmoja alinunua pikipiki ya cc 600 iliyokuwa imetumika ng'ambo. Ilikuwa safi, rangi haina mkwaruzo, injini inanguruma vizuri. Baada ya mwezi mmoja akaanza kulalamika kwamba usukani unatetemeka akifungua mafuta kwa nguvu. Wasee wa kundi letu la WhatsApp wakampa jibu moja: funga dampa. Akajinyima, akakopa kidogo, akaagiza. Fundi akaifunga kwa nusu saa, akaikaza, akamwambia sasa uko sawa. Na kweli mtetemo ukaisha. Jamaa akafurahi, akaongeza mwendo.

Wiki mbili baadaye, Southern Bypass, akiwa kwenye kasi ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mamake husoma gazeti hili, usukani ulianza kupiga kushoto na kulia hadi ukamponyoka mikononi. Mungu alisaidia, hakukuwa na lori nyuma yake. Alivunjika mfupa wa bega na kukaa miezi mitatu bila kazi. Kundi likachanga. Ajabu ni kwamba swali la kwanza kuulizwa kwenye kundi lilikuwa: "Kwani hakuwa na dampa?"

Alikuwa nayo. Fundi mwingine alipoifungua pikipiki alikuta beringi za shingo, yaani zile zinazouruhusu usukani kuzunguka, zimechimbika. Tairi ya mbele ilikuwa na umri wa miaka tisa. Dampa ilikuwa imeyafunika yote mawili. Ule mtetemo mdogo wa mwanzo ulikuwa onyo, nasi tulimshauri alipe hela nyingi ili asiusikie.

Kwa nini usukani unatikisika?

Umewahi kusukuma kitoroli cha supamaketi ambacho gurudumu moja la mbele linacheza kama lina wazimu? Hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Gurudumu la mbele la pikipiki limetengenezwa lijirudishe katikati lenyewe mashine inapokwenda. Likisukumwa kando kidogo, hurudi. Lakini hali ikiwa mbaya, likirudi hupitiliza upande wa pili, likavutwa tena, likapitiliza tena, na kila safari linaongeza nguvu. Mtikisiko wa aina hii huenda kati ya mara nne na kumi kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuufuata.

Kwenye supabaiki hali hiyo huja kwa urahisi zaidi. Mashine hizi zimechongwa ili zikate kona upesi, kwa hivyo usukani wake ni mwepesi kugeuka. Halafu zina nguvu nyingi. Ukifungua mafuta kwa ghafla uzito wote hukimbilia nyuma na gurudumu la mbele hubaki likiigusa lami kwa shida. Hapo ukipita kwenye kiungo cha daraja, kiraka cha lami au tuta usiloliona, gurudumu hutua likiwa limepinda kidogo. Mchezo unaanzia hapo. Usukani ukifika hatua ya kugonga pande zote mbili, mwendeshaji huwa amebaki kuwa abiria.

Usidhani ni mambo ya supabaiki pekee. Aliyewahi kukaa nyuma ya boda iliyobeba abiria wawili na gunia la viazi anajua jinsi usukani unavyoelea. Mzigo wa nyuma umeinua mbele. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na hii ni mojawapo ya sababu.

Dampa hufanya nini hasa? Ndani yake mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Usukani ukigeuka polepole, oili hupita bila shida. Ukigeuka kwa ghafla, oili hushindwa kupita haraka na hivyo kuuzuia. Jaribu kutumbukiza mkono kwenye karai la maji polepole, kisha uyapige maji hayo kofi. Maji ni yale yale, lakini kofi utalisikia. Hivyo ndivyo dampa inavyokuachia kona yako ya kawaida na kuukatalia usukani purukushani.

Kwa hivyo dampa hutuliza mtikisiko baada ya kuanza. Haiondoi kilichouanzisha. Ni kama dawa ya maumivu ya jino. Utalala usiku huo, lakini jino linaendelea kuoza.

Kisa cha Suzuki

Hata viwanda vikubwa vimewahi kupitia njia hii. Mwaka 1997 Suzuki ilitoa pikipiki yenye nguvu iliyoitwa TL1000S. Haikuchukua muda kabla ya kupata sifa mbaya ya kutikisa kichwa kwa fujo, na kampuni ikalazimika kuziita zirudi zifungwe dampa ya usukani. Wengi waliozijua mashine hizo, hata hivyo, walinyooshea kidole shoki yake ya nyuma, ambayo ilikuwa ya muundo usio wa kawaida na ilichoka haraka ikipata joto. Mbele kulifungwa dampa, huku lawama kubwa ikielekezwa nyuma.

Kawasaki nayo ilitoa ZX-10R mwaka 2004 bila dampa, mashine iliyowatoa jasho hata wazoefu. Ilipotoa toleo la 2006, dampa ya Öhlins ilikuwa imefungwa tayari kiwandani. Honda ilikuwa imechukua njia nyingine mwaka huo huo wa 2004: CBR1000RR yake ilikuja na dampa ya kielektroniki inayosoma mwendo wa pikipiki na jinsi unavyoongeza kasi. Ukiwa kwenye msongamano hulegea, ukikimbia hukaza. Suzuki ilifuata kwa dampa ya kielektroniki kwenye GSX-R1000 ya 2007.

Funzo kwa mnunuzi wa Nairobi ni rahisi. Kabla ya kuagiza chochote, jua mashine yako ilitoka kiwandani na nini. Nimekutana na msee aliyekuwa akitafuta dampa ya kununua ilhali anayo moja chini ya plastiki za mbele, imevuja oili yote, haifanyi kazi tangu pikipiki ishuke bandarini Mombasa.

Anza na haya kwanza

Sasa tuseme usukani wako unatetemeka. Kabla ya kutoa hata ndururu kwa ajili ya dampa, fanya ukaguzi huu. Mwingi haukugharimu chochote.

Moja, tairi. Tazama ubavuni, utaona tarakimu nne. 1416 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Pikipiki nyingi tunazonunua zimekaa muda mrefu kwenye maghala huko zilikotoka, na tairi inaweza kuonekana nene na nyeusi kumbe imeshakauka kama ubao. Pima upepo pia, tairi ikiwa baridi. Upepo mdogo mbele huleta mtetemo peke yake. Vilevile hakikisha gurudumu limepimwa mizani baada ya tairi kubadilishwa.

Mbili, beringi za shingo. Inua gurudumu la mbele kwa stendi. Geuza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unakwama katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi zimekwisha. Kisha shika foku chini na uzivute mbele na nyuma. Zikicheza kwa mlio wa kugonga, zimelegea au zimeisha. Kama dampa imeshafungwa, itoe kwanza, la sivyo hutahisi lolote.

Tatu, foku na shoki ya nyuma. Oili inayovuja kwenye foku ni dalili. Shoki ya nyuma iliyochoka hufanya pikipiki ikalie matako, na mbele hupungua uzito. Ukiongeza sanduku kubwa la mizigo nyuma, umezidisha.

Nne, historia ya ajali. Mashine iliyowahi kugonga mbele inaweza kuwa na foku au fremu iliyopinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Rangi mpya haisemi kitu.

Tano, wewe mwenyewe. Wengi wetu tunaning'inia kwenye usukani. Kila kono linapokazwa, mtetemo wa gurudumu hurudishwa chini ukiwa na nguvu zaidi. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko. Utashangaa ni "ugonjwa" mwingi kiasi gani utakaopona kwa hilo tu.

Ukimaliza hayo yote na mashine bado ni nyepesi mbele ukifungua mafuta, hapo sasa tuongee dampa.

Uchague ipi?

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya fimbo, ile yenye pistoni inayoingia na kutoka. Muundo wake ni rahisi, na hukaa ubavuni mwa tangi au juu kati ya usukani na fremu. Ya pili ni ya mzunguko, kisanduku kinachokaa juu ya nati ya usukani, na ndani yake bawa husukuma oili. Hii imejificha vizuri zaidi ukianguka, haichomozi nje, lakini kifaa cha kuifungia lazima kilingane kabisa na pikipiki yako.

Kwangu mimi aina si swali kubwa. Zote mbili hufanya kazi zikiwa za haki. Maswali makubwa ni haya.

Je, imetengenezwa kwa modeli na mwaka wa pikipiki yako? Hapa hakuna mjadala. Dampa ya fimbo ikiwa fupi, usukani utafika mwisho wa dampa kabla ya kufika mwisho wake halali. Maana yake, siku unakata kona ya nyuzi nyingi kwenye maegesho, au unakwepa mtu, usukani unakataa kugeuka. Ikishafungwa, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Vizuizi vya fremu ndivyo vinavyopaswa kuusimamisha. Hakikisha pia haigusi tangi, haibani nyaya wala kamba ya klachi.

Je, unaweza kuirekebisha ukiwa umekaa kwenye pikipiki? Nzuri zina kitufe cha kuzungusha chenye kliki unazoweza kuhesabu. Asubuhi uko kwenye msongamano wa Haile Selassie, mchana uko barabara ya Magadi. Mpangilio mmoja hautoshi kotekote.

Je, inaweza kufunguliwa na kutengenezwa? Sili huchakaa, oili huzeeka. Dampa isiyofunguka ni ya kutupa. Uliza kabisa nani hapa Nairobi ataihudumia, na spea zake zitatoka wapi.

Je, pikipiki yako ilikuja na dampa ya kielektroniki? Ukiitoa na kuweka ya kawaida, baadhi ya mashine zitakuwashia taa ya onyo kwenye dashibodi. Mara nyingi ni nafuu kuirekebisha ile ya kiwandani.

Je, ni ya kweli? Dampa ya kampuni inayojulikana huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 400 hadi 600. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kati ya Sh52,000 na Sh77,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiona ya dhahabu yenye jina kubwa inauzwa elfu nane mtandaoni, jiulize maswali. Jaribu kuisukuma na kuivuta kwa mkono. Ukinzani unapaswa kuwa sawa njia nzima, bila sehemu tupu katikati. Katikati ndiko usukani unakokaa ukienda moja kwa moja. Dampa yenye pengo hapo ni pambo.

Na ukishaipata, usiikaze kama kifuniko cha mtungi. Hili ndilo kosa la fundi aliyemfungia sahibu yangu. Anza na kliki ya chini kabisa, enda mwendo wa mtu anayetembea kwenye uwanja ulio wazi. Ukilazimika kupigana na usukani ili usianguke, imekaza kupita kiasi. Ongeza kliki moja moja. Dampa iliyokazwa mno huzaa tatizo jipya: pikipiki inayumba polepole kama iliyolewa, kwa sababu usukani hauwezi tena kujisahihisha wenyewe.

Tatizo ni kubwa kuliko dampa

Najua kuna mzee anayesoma hapa akisema, "Punguzeni mwendo, basi." Ana hoja. Kikomo mijini ni kilomita 50 kwa saa, na nchi hii imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani miaka hii ya karibuni. Waendeshaji wa pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Hakuna dampa inayomkinga mtu anayeendesha kilomita 200 kwa saa karibu na kivukio cha wanafunzi.

Lakini beringi zilizokwisha na tairi mbovu hutikisa pikipiki hata kwenye kilomita 70, mwendo wa mtu anayetoka kazini. Kwa hivyo hili ni suala la uzima wa mashine pia. Na hapo ndipo kuna pengo ambalo hatulizungumzii. Matatu hupelekwa kwenye ukaguzi kila mwaka. Lori pia. Lakini supabaiki ya kibinafsi yenye nguvu ya kufikia kilomita 100 kwa saa kwa muda wa sekunde tatu hivi, iliyonunuliwa mtandaoni kwa kutazama picha, inaweza kukaa miaka bila mtu yeyote mwenye ujuzi kuinua gurudumu lake la mbele.

Mwenye boda angalau ana fundi wa steji anayeiona pikipiki yake kila siku na kuijua kama mtoto wake. Sisi tuna video za intaneti na kundi la WhatsApp. Mafundi wanaozijua mashine hizi vizuri ni wachache, foleni zao ni ndefu, nasi tuna haraka ya Jumapili. Ndiyo maana tunanunua kinachoonekana. Beringi za shingo hazionekani. Hakuna mtu aliyewahi kupigwa picha akionyesha beringi, ilhali seti yake hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya dampa.

Tusingoje serikali ituletee ukaguzi ndipo tuanze kulalamika kwamba inatunyanyasa. Makundi ya waendeshaji yapo, yana viongozi, yana michango ya kila mwezi ambayo kwa sasa hutumika zaidi hospitalini na mazishini. Sehemu ya doo hizo ingelipa fundi mmoja mzuri siku moja kila miezi mitatu, stendi mbili, na kila mashine ikapita hapo kabla ya kuruhusiwa kwenye safari ya kundi. Mwenye tairi ya miaka tisa abaki nyumbani. Atakasirika, lakini atakasirika akiwa hai.

Na kama itakutokea kabla hujafika kwa fundi, shika haya. Usukani ukianza kutikisika usiubane kwa nguvu, usifinye breki ya mbele kwa hofu, wala usifunge mafuta kwa ghafla, kwa maana hayo huongeza uzito mbele kwa kishindo. Bana tangi kwa magoti, legeza mikono, punguza mafuta taratibu. Mara nyingi hutulia. Kisha simama kando na usijidanganye kwamba ilikuwa barabara tu.

Sahibu yangu amerudi barabarani. Alibadilisha beringi na tairi zote mbili, akaendesha miezi miwili bila dampa ili aisikie mashine yake vizuri. Ilikuwa imetulia. Baadaye aliirudisha, kliki tatu tu kutoka mwanzo, kwa ajili ya barabara ya Magadi. Jumapili akikutana na wasee pale kwenye kituo cha mafuta, bado kuna wanaomuuliza ile ya dhahabu aliitoa wapi. Yeye huinama kwanza kwenye tairi ya mbele ya anayeuliza, akasoma zile tarakimu nne.